Dole la Bi Kijakazi

Kambini
20 Februari 2022

Mke wangu Mwanahija,

Salamu kwanza, manung'uniko baadaye. Tumefika salama. Jina la mahali siruhusiwi kuliandika, ila ni Kongo, ni milimani, na mvua ya huku haijui kupumzika. Simu tulizikabidhi siku ya kwanza, na hata tungebaki nazo mtandao hakuna. Kwa hiyo tumerudi zama za baba zetu, karatasi na kalamu. Barua atachukua yeyote anayekwenda likizo Dar, na kutoka hapo Koplo Ignasi ana shemeji yake mwenye duka Nangurukuru, atazifikisha Pande. Usihesabu siku, utaumia bure. Likitokea jambo zito kabisa, piga ile namba ya kikosi niliyoibandika nyuma ya mlango. Wao wana redio, wanatupata siku hiyohiyo.

Nimepandishwa cheo. Sasa unaandikiwa na Staff Sajenti Mfaume Issa. Babu alikwenda Burma akarudi koplo, baba alikwenda Uganda hakurudi, mimi nimewapita wote kwa mabega. Usicheke.

Sasa lililo moyoni. Siku ile naondoka, wewe ndiye uliyeshika Msahafu mlangoni nikapita chini yake. Kazi ile ni ya Mama. Yeye alikuwa uani anabangua korosho, wala hakuinua macho. Nilipompigia magoti kumwomba radhi akasema, "Wewe nenda, radhi yangu inabaki hapa." Miaka ishirini na moja ya jeshi sijawahi kusafiri hivyo. Mwambie namwomba tena. Mwambie nimempigia magoti huku matopeni, na suruali ndiyo shahidi.

Wako,
Mfaume


Pande
11 Aprili 2022

Baba Issa,

Barua yako imekaa njiani wiki saba, imefika inanuka sabuni ya duka. Tunamshukuru Mungu u mzima. Cheo tumekifurahia. Issa amewatangazia wenzake kuwa baba yake sasa ni jenerali, nami sikumsahihisha.

Sisi tumo kwenye mfungo, hatujambo. Mama presha inampanda na kushuka, dawa anameza akijisikia. Nimemsomea barua yako mara mbili. Mara ya kwanza alijifanya hasikii. Mara ya pili alijibu, nami nakuandikia kama alivyosema usije ukadhani nimetia chumvi:

"Mwaka sabini na nane baba yake alipiga magoti hapahapa, mimi nina mimba ya huyo Mfaume. Nikampa radhi, nikamshikia na Msahafu, akatoka kifua mbele. Nisingempa asingethubutu. Kosa hilo silirudii. Mwambie arudi kwanza, radhi ataikuta."

Nikamwambia, Mama, mwanao keshakwenda, kumnyima radhi hakumrudishi. Akasema, "Kutamtia woga. Hujasikia? Kwa mwoga kwenda kicheko, kwa shujaa kwenda kilio."

Hakuchukii, Mfaume. Uji wa futari anaupika mwingi kuliko watu tuliopo, ukimwuliza anasema mkono umeteleza. Mpe muda. Nitamrudia baada ya Idi.

Mkeo,
Mwanahija


Kambini
15 Mei 2022

Mama Issa,

Nilikusudia kukuficha hili, lakini nikilificha litanila.

Wiki iliyopita niliamriwa niongoze gari la mbele. Nilivaa, nikafika mlangoni mwa gari, miguu ikakataa. Nilikuwa nasikia sauti ya Mama, radhi yangu inabaki hapa. Nikasema tumbo linaniuma. Koplo Evaristo, yule mcheshi wa Kipatimu aliyekuja kwetu na mkungu wa ndizi, akanitania kuwa nimekula maharage ya watu, akapanda mahali pangu. Walishambuliwa kabla hawajamaliza saa nzima barabarani. Evaristo alikufa papohapo.

Kila mtu hapa ananipa pole kwa kunusurika. Sijamwambia mtu kuwa tumbo lilikuwa zima.

Mama alitaka nitiwe woga, basi nimetiwa, na mwenzangu amelipa. Siwezi kuendelea hivi, nitawaua wengine. Nakuomba jambo moja. Mama hajui kuandika. Mwandikie wewe mstari mmoja wa radhi, yeye achovye dole gumba la mkono wa kulia kwenye wino, alibonyeze chini ya mstari. Nataka dole lake mwenyewe. Akikataa, niandikie kuwa amekataa, nitajua la kufanya. Ila usichelewe.

Mfaume


Pande
20 Juni 2022

Wifi yangu Somoe,

Shikamoo. Utashangaa barua badala ya simu. Simu yako ikilia unaiweka sauti ya juu, nyumba nzima ya Lindi inasikiliza, na haya si ya kusikilizwa.

Leo siku ya ishirini na nne tangu tumzike Mama, barua ya nduguyo imefika. Ameiandika Mama akiwa hai, hata kiharusi hakijampiga. Anaomba radhi. Anataka Mama abonyeze dole kwenye karatasi. Somoe, nimeisoma nimekaa kwenye kitanda kilekile alichofia.

Unakumbuka nilitaka kupiga ile namba ya nyuma ya mlango. Tangu siku ya kwanza alipoanguka nilitaka. Mjomba Majid akasimama mbele yangu, akasema msafiri haambiwi msiba, sembuse askari mwenye bunduki mkononi, atalia akifika. Wazee wote wakaitikia. Na wewe uliitikia. Mimi ni mtu wa kuja, Mmachinga kwa kabila, wa Milola, ningewashinda vipi kwenye nyumba yenu? Nikanyamaza. Sasa kunyamaza hakutoshi, anataka jibu.

Nikimwambia Mama amekufa na radhi hakuitoa, atajipeleka mwenyewe kwenye risasi. Nikisema amekataa, ni hivyohivyo. Wewe ndiye mtoto wake mkubwa. Niambie nifanye nini.

Wifi yako,
Mwanahija


Lindi
25 Juni 2022

Mwanahija,

Marahaba. Kwanza, simu yangu siiwekei sauti ya juu, imeharibika, ndivyo inavyosema yenyewe. Pili, futa machozi unisikilize.

Ni kweli niliitikia tusimwambie msiba. Hiyo ni mila, tumeikuta. Baba alipokufa Uganda nasi tulifichwa miezi minne, Mama alikuwa karibu kujifungua. Lakini kuficha msiba ni jambo moja, na hilo unalolifikiria, maana nakujua, ni jambo jingine. Radhi si chumvi uazime kwa jirani. Mama hakuitoa mdomo ukiwa mzima, leo nani aitoe? Mwandikie salamu, mwambie barua yake bado haijafika, mzungushe mpaka arudi. Njia ya mwongo ni fupi, usiingie.

Hitma ya arobaini nitakuja. Nunua mchele, nyama nakuja nayo.

Somoe


Pande
28 Juni 2022

Baba Issa,

Furahi. Mama amekubali.

Pole sana kwa Evaristo, nimemlilia kama ndugu. Nilimsomea Mama barua yako yote. Aliomba maji akanywa, akavua ushungi akauvaa upya, akasema lete karatasi. Nilivunja kalamu ya bluu nikamwaga wino kwenye kifuniko cha chupa. Alichovya mwenyewe. Akasema, "Mwambie asiogope tena, lakini asijifanye simba." Ndivyo alivyosema.

Mstari wake ni huu: Mimi Kijakazi, mama yake Mfaume, nimemradhi mwanangu, radhi ya dunia na akhera.

Dole lake hilo hapo chini. Sasa tulia, fanya kazi yako, urudi.

Mwanahija


Kambini
9 Agosti 2022

Mama Issa,

Karatasi imefika. Nimelitazama lile dole siku mbili. Nimelikata nikaliweka mfuko wa kushoto wa shati. Umenisaidia sana, ahsante.

Hofu imekwisha. Doria natoka kila zinapopangwa, na zisizo zangu naziomba. Kikosi kitarudi Machi, lakini wanahitaji wazoefu wachache wabaki miezi sita kuwapokea wanaokuja. Nimeandika jina langu.

Mama anakula nini siku hizi? Analala vizuri? Nieleze kwa kirefu, nina hamu ya habari zake.

Mfaume


Pande
14 Septemba 2022

Baba Issa,

Miezi sita zaidi? Nani alikutuma? Radhi umepewa urudi, hukupewa uhamie huko! Nimesoma hapo kwenye "zisizo zangu naziomba" mara tatu. Nenda ukafute jina lako. Nakuomba kwa heshima yote, na heshima ikiisha nitakuomba kwa matusi.

Watoto hawajambo. Mama hajambo. Anakula muhogo wa nazi, siku nyingine anaongeza. Analala vizuri. Anakusalimia sana, anasema hata yeye hajapenda hiyo miezi sita.

Futa jina.

Mwanahija


Kambini
20 Oktoba 2022

Mama Issa,

Jina sijalifuta.

Nafurahi Mama anakula muhogo na kuongeza. Msimu wa korosho umeingia huko. Je, bado anabangua? Mikono haimuumi? Hilo tu nataka kujua.

Mfaume


Pande
30 Novemba 2022

Mfaume,

Nilianza kukujibu nikaandika, "Mama bado anabangua," nikashindwa kumaliza. Kisu chake kiko palepale kwenye tundu la ukuta wa uani, hakuna aliyekigusa. Nimechana karatasi tatu. Hii ya nne naiacha kama itakavyotoka.

Mama amekufa, mume wangu. Alikufa tarehe 27 Mei, Ijumaa. Kiharusi kilimpiga Jumatano, mdomo ukapinda, maneno yakamkatika. Tulimpeleka hospitali, wakafanya walichoweza, Mjomba Majid akaomba tumrudishe. Alilala siku tatu tangu aanguke. Tulimzika alasiri, karibu na mama yake. Wazee walisema usiambiwe, nami nikatii. Barua uliyoomba dole ilimkuta ameshazikwa.

Dole ni langu. Mstari ni wangu. Maji aliyokunywa, ushungi aliouvaa upya, yote nimeyatunga mimi nikiwa peke yangu chumbani nimejifungia. Niliona nikikunyima nitakuua. Sasa naona nimekutia ushujaa wa uongo, unaomba doria za watu, unataka kubaki miezi sita, na ukifa ni mimi niliyekupeleka. Mama aliliogopa hilo tangu zamani, mimi nikalifanya kwa mkono wangu.

Usitoke tena na ile karatasi mfukoni. Haina kitu.

Naomba radhi yako. Sina haki ya kuiomba, ila sina pengine pa kuiomba.

Mwanahija


Kambini
2 Januari 2023

Mwanahija,

Barua hii nimeingoja tangu Agosti.

Mwaka 2020, laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, wewe ulikuwa Milola kwa mama yako umekwenda kujifungua. Nilikuwa likizo, nikampeleka Mama mjini Masoko. Mashine ilimkataa mara nne. Yule wa laini akampangusa kwa spiriti, akapuliza, akamkamua dole kama ndimu, mwisho akasema, "Bibi, wewe huna mistari." Maganda ya korosho yana mafuta makali, miaka thelathini yameila ngozi yote. Mama alicheka njia nzima, anasema sasa anaweza kuiba asikamatwe. Ndiyo maana laini yake ina jina langu. Hukuwahi kuuliza, nami sikukumbuka kukuhadithia.

Nilikuomba dole lile kwa sababu nililijua. Nilingoja doa la wino lisilo na kitu. Wewe ukaniletea mistari mizuri, imezunguka yote, hata kovu dogo la kuungua na sufuria lipo. Nikakutambua. Na ulimi wako haujawahi kuogopa kuniambia Mama amekataa. Kama ulidanganya, basi hakukuwa na mtu wa kukataa. Nilijua palepale, nimesimama kwenye foleni ya chakula na sahani mkononi.

Nikakuuliza anakula nini, nikupe nafasi. Ukanijibu muhogo wa nazi. Nikakuuliza tena kuhusu korosho. Kufiwa kuliniuma, lakini ule muhogo uliniuma zaidi.

Unasema umenitia ushujaa. Ushujaa upi? Niliandika jina langu kwa sababu sikuona pa kurudi. Doria niliziomba kwa sababu sikujali.

Namba ilikuwa nyuma ya mlango. Mama alianguka Jumatano. Alhamisi ndege ya mizigo iliondoka hapa kwenda Dar, nami ndiye niliyesimamia kuipakia. Ningekuwa ndani yake. Ningemkuta anapumua, mdomo umepinda, sawa, lakini angeniona. Mmeninyima hilo ili nisilie.

Unaniomba radhi. Radhi siandiki kwenye karatasi. Nikirudi utaikuta.

Mfaume


Pande
29 Januari 2023

Mfaume,

Nilipofika kwenye neno lako la mwisho nilicheka, kisha nikakaa chini. Umesema kama Mama. Hata angekuwa yeye anayetamka asingebadilisha kitu.

Sijitetei. Hiyo ndege sitaisahau mpaka naingia kaburini. Lakini kuna jambo sijakuambia, na wewe kuliko wote ndiye unayestahili kulijua.

Ile Ijumaa, adhana ya alfajiri haijaadhiniwa, Mama aliinua mkono wa kushoto, ule uliokuwa na nguvu bado. Aliuelekeza mlangoni. Ukakaa hewani kitambo, mdomo unahangaika, kisha ukaanguka, na yeye ndiyo basi. Somoe anasema alitaka mlango ufungwe, kulikuwa na upepo. Mjomba anasema aliona malaika. Mimi nilisema moyoni, anamtafuta Mfaume, anataka kuitoa ile radhi. Kwa ajili hiyo nilithubutu kuchovya dole langu. Nilijiambia namalizia alichokianza. Sasa sijui. Huenda nilimsingizia, huenda kweli alikuwa anasikia baridi. Hakuna mtu duniani wa kutuambia.

Ninachokijua ni hiki. Tangu uondoke mpaka aanguke alikuwa na miezi mitatu na zaidi ya kusema neno moja. Kila siku alikuwa nalo. Mimi nilimwona akilitafuna. Aliliweka kwa sababu alidhani utafika. Na wewe unaniwekea langu kwa sababu unadhani utafika.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uandike. Kama umekataa, andika umekataa, nitaishi nalo, wanawake wengi wanaishi na makubwa kuliko hilo. Lakini usinilaze mlangoni kama ulivyolazwa wewe.

Mwanahija


Kambini
24 Februari 2023

Mwanahija,

Ignasi anakwenda likizo, gari linamngoja limewaka, kwa hiyo usitegemee maneno mengi.

Nimeomba nitolewe kwenye orodha ya wanaobaki. Mkubwa amenitazama sana, amekubali. Nitarudi na kikosi mwezi ujao, Mungu akipenda. Nikifika usinipikie wala usiite watu. Nipeleke kwanza alipolala.

Sikufichi, nilikusudia kukutesa. Nilikuwa nimepanga mpaka nitakapokaa na nitakavyonyamaza. Hasira ninayo bado, juu yako, juu ya Mjomba, juu ya Mama pia, na juu yangu kwa ajili ya Evaristo. Mke wake nitakwenda kumwona Kipatimu, nimweleze habari ya tumbo langu. Hilo nalo litanigharimu.

Ule mkono nimeufikiria usiku na mchana. Sikupata jibu. Radhi ya Mama sitaipata tena, na nimekwishajua kukaa bila radhi kulivyo. Wewe usikae. Nimekuradhi, Mwanahija, leo Ijumaa, kwa hiari yangu, hata nisipofika.

Mumeo,
Mfaume